Mtoto njiti amepona, macho je?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, leo nataka tuzungumze habari ya barua moja. Imetoka kwa kijana wa hapa hapa mjini ambaye amepata mtoto wake wa kwanza. Jina lake naliweka kando, lakini maneno yake nayaleta kwenu kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hili.

"Mzee wangu, shikamoo," anaanza kijana huyo. "Mke wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 29. Mtoto alikuwa na kilo moja na robo. Tulikaa wodini zaidi ya wiki tatu, akawekewa oksijeni puani, Mungu akasaidia akapona, na sasa yuko nyumbani. Tulipotoka tulipewa karatasi ya kumrudisha akapimwe macho kabla hajatimiza siku 30. Mama yangu hataki. Anasema, 'Mwanangu, mtoto aliumwa kifua, hakuumwa macho. Macho yenyewe safi kama shanga. Mnakwenda kumtafutia ugonjwa?' Na nauli nayo inabana. Mzee wangu, twende au tusiende?"

Marahaba, mwanangu. Jibu nilimpelekea kwa simu siku ile ile, maana jambo hili haliwezi kungoja zamu ya kipindi. Nilimwambia neno moja: nendeni.

Lakini neno moja halitoshi. Bibi yule ameuliza swali la akili, na swali la akili hujibiwa kwa hoja. Mtoto aliumwa kifua. Macho yameingiaje hapo?

Tuanzie tumboni. Mimba hukaa kiasi cha wiki 40. Anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 peke yake watoto wa namna hiyo walikuwa milioni 13.4 duniani kote, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Hao ndio tunaowaita njiti, na jina lenyewe linajieleza: mwili mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na uhai kama mwali wa kijiti hicho, ambao upepo kidogo tu unauzima.

Mtoto huyu hutoka duniani viungo vyake vikiwa havijamaliza kazi ya kujijenga. Mapafu ndiyo hutangulia kulalamika. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani yake havijapata ule ute unaovizuia visinatane, kwa hiyo kila pumzi inakuwa kazi ya kubandua mfuko wa plastiki uliolowa maji. Mtoto huchoka, midomo hubadilika rangi, na bila msaada hufa. Ndiyo maana huwekewa oksijeni, na oksijeni hiyo imeokoa watoto wasiohesabika.

Sasa tuje kwenye jicho. Ndani kabisa, nyuma ya jicho, pana utando mwembamba unaopokea nuru, mithili ya filamu katika kamera za zamani. Unaitwa retina. Utando huo hulishwa na mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo huanza kuchipua kiasi cha wiki ya 16 ya mimba, kutoka pale mshipa mkuu wa kuonea unapoingilia jichoni, ikatambaa kuelekea ukingoni kama mboga ya maboga inavyotambaa shambani. Upande wa pua hufika mwisho karibu na wiki ya 36, na upande wa sikio karibu na wiki ya 40. Maana yake, mtoto wa wiki 29 huzaliwa mmea ule ukiwa njiani bado.

Na ni nini kinachoivuta mishipa hiyo itambae? Ni uhaba. Tumboni oksijeni ni kidogo, na ile sehemu ya retina isiyofikiwa na damu huona njaa, ikatoa wito, na mishipa ikaufuata. Mtoto akizaliwa mapema, ghafla anaingia katika dunia yenye oksijeni tele, hasa akiwekewa ya mtungi au ya mashine. Retina inashiba, wito unakoma, na mishipa inasimama pale ilipofikia; mingine hata hunyauka. Wiki zinapita, jicho linakua na mahitaji yake yanaongezeka, lakini ukingoni hakuna damu. Sasa njaa inarudi kwa kishindo, na wito unakuwa ukelele. Mishipa huchipuka ovyo ovyo, dhaifu, pasipo mpango. Huvuja damu, hujenga makovu, na makovu hayo yakisinyaa huuvuta ule utando hadi ukabanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu. Utando ukishabanduka wote, kuurudisha pamoja na nuru yake ni shida kubwa hata kwa mabingwa.

Naomba niseme pia, nisije nikawatia watu hofu isiyo ya lazima, kwamba si kila njiti hupatwa na haya. Na wengi wanaopatwa hupata ule ugonjwa mwepesi unaopoa wenyewe. Lakini hakuna anayeweza kujua yupi atapoa na yupi ataharibika bila kuchungulia ndani. Kwa nje jicho ni safi kama shanga, kama alivyosema bibi yetu. Bibi hakukosea alichokiona, ila ugonjwa huu haukai mahali anapoweza kuuona. Siku atakayouona weupe katikati ya mboni, mara nyingi wakati wa tiba utakuwa umekwisha pita.

Ugonjwa huu una historia, na historia yake inafundisha.

Mwaka 1942, huko Boston, Marekani, daktari wa macho aitwaye Theodore Terry alieleza jambo la ajabu: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakionekana na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho, nao ni vipofu. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ukaenea. Na ajabu zaidi, ulipiga zaidi katika hospitali zenye vifaa vizuri kuliko zile duni. Hadi kufikia katikati ya miaka ya 1950, watoto wapatao 10,000 walikuwa wamepofuka duniani. Wengi wenu mnamfahamu mwanamuziki Stevie Wonder. Alizaliwa katika jimbo la Michigan mwezi Mei 1950, wiki sita kabla ya wakati, na ni mmoja wa watoto wa kizazi hicho.

Madaktari walitafuta mchawi kila upande. Walishuku vitamini, walishuku mwanga, walishuku maziwa. Mwaka 1951, daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alilinganisha wodi zilizokuwa zikitoa oksijeni kwa wingi na zile zilizotoa kwa kiasi, akaonyesha kidole kwenye oksijeni. Huko Washington, daktari Arnall Patz akaanza jaribio la kuwapa baadhi ya watoto oksijeni kidogo. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wauguzi wa zamu ya usiku, wakiogopa kwamba watoto wanauawa, walikuwa wakizifungua koki kwa siri ili wapate zaidi. Hatuwezi kuwacheka. Walikuwa na huruma, na kwa macho yao walimwona mtoto anayehangaika kuvuta pumzi. Upofu hawakuuona, kwa sababu huo ulikuwa unakuja baada ya wiki kadhaa.

Ndipo mwaka 1953 na 1954 hospitali 18 za Marekani zikaungana katika jaribio moja la watoto 786. Jibu likawa wazi. Katika waliopewa oksijeni nyingi kwa desturi ya siku zile, karibu robo walibaki na makovu machoni. Katika waliopewa kwa kiasi, hawakufika hata mmoja katika kumi. Hospitali zikabana koki, na upofu ukapungua sana.

Hapa ndugu msikilizaji ungetegemea niseme hadithi imekwisha, watu wakaishi kwa raha mustarehe. La. Watoto wa jaribio lile waliandikishwa baada ya kuishi saa 48, na wale waliokufa katika siku mbili za mwanzo hawakuhesabiwa. Mwaka 1973, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Kenneth Cross alipiga hesabu ya vifo vya watoto wachanga katika miaka ile ya kubana oksijeni. Alikisia kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa na upofu, huenda wengine 16 walikuwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Waliziba ufa mmoja, wakafungua mwingine mkubwa zaidi.

Jambo hili halijawa la kale. Mwaka 2010 zilitangazwa habari za jaribio jingine la Marekani, lililohusu watoto zaidi ya 1,300 waliozaliwa kati ya wiki ya 24 na ya 27. Kundi moja, oksijeni katika damu yao ilishikiliwa kati ya asilimia 85 na 89. Kundi la pili, kati ya 91 na 95. Tofauti ndogo, utasema. Lakini sikiliza matokeo. Katika waliobaki hai, ugonjwa mkali wa macho uliwapata asilimia 8.6 ya kundi la kwanza, na asilimia 17.9 ya kundi la pili, yaani zaidi ya mara mbili. Upande wa vifo mizani ikageuka: katika kundi la kwanza walikufa asilimia 19.9, na katika la pili asilimia 16.2.

Ungekuwa wewe ndiye daktari, ungechagua lipi?

Madaktari wengi walichagua uhai. Siku hizi hulenga kiwango cha kama asilimia 90 hadi 95, wakijua wazi kwamba kwa kufanya hivyo macho mengi zaidi yatakuwa hatarini. Wanathubutu kwa sababu moja tu: mtoto aliyekufa hana tiba, lakini jicho linaloanza kuharibika linayo, mradi lionekane mapema. Hapo ndipo ninapotaka bibi yetu anisikilize vizuri. Karatasi ile ya kurudi kupima macho haikuandikwa kwa kutafuta ugonjwa. Ni nusu ya pili ya tiba ya kifua. Wodini mtoto alipewa pumzi kwa mkopo, na karatasi ile ndiyo siku ya kwenda kulimaliza deni.

Tiba yenyewe ni ipi? Daktari wa macho hutumia mwanga mkali wa leza kuunguza ile sehemu ya ukingoni iliyokosa damu, ili iache kupiga ukelele. Mtoto hupoteza sehemu kidogo ya kuona pembeni, akabakiwa na kuona kwa katikati, ambako ndiko kwa kusomea na kumtambua mama. Ipo pia sindano ya dawa inayowekwa ndani ya jicho kuunyamazisha wito ule. Ilithibitishwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011. Lakini zote mbili zina saa yake. Daktari akishaona kwamba jicho limefikia hatua ya kutibiwa, tiba inatakiwa ndani ya siku mbili tatu. Ukisema utasubiri mwisho wa mwezi upate mshahara, utakuwa umechelewa.

Pengine utauliza: mbona wazee wetu hawakuujua upofu huu? Jibu lake linauma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini, nusu ya watoto wanaozaliwa katika wiki ya 32 au kabla ya hapo hufa, ilhali katika nchi tajiri karibu wote hupona. Kwa miaka mingi ugonjwa huu wa macho ulidhaniwa kuwa nadra katika Afrika ya kusini ya Sahara. Hatukuwa na vipofu hao kwa sababu tulikuwa na makaburi yao. Katika miaka ya 1990 nchi za Amerika ya Kusini na Ulaya ya Mashariki, zilipoanza kuokoa njiti wengi, zilishtukia shule za wasioona zikipokea watoto wa aina hii. Kwa makadirio ya mwaka 2010, watoto wapatao 20,000 duniani walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kwa ugonjwa huu katika mwaka mmoja. Na sisi tunapoanza kuokoa njiti, tukae tukijua kwamba mgeni huyu yuko mlangoni.

Tena kwetu ana njia ya mkato. Hewa tunayovuta sote ina oksijeni sehemu 21 tu katika mia. Ya mtungini ni karibu oksijeni tupu. Panapokosekana kifaa cha kuichanganya na hewa ya kawaida, na kile kidude cha taa nyekundu kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto kupima oksijeni ya damu, mtoto anaweza kupewa nyingi kupita haja yake bila mtu kujua. Hapo hata njiti mkubwa kidogo huumia. Ndiyo maana Marekani huwapima macho hasa waliozaliwa wiki ya 30 au kabla, au wenye kilo moja na nusu kushuka chini. Lakini India huwapima hata wa chini ya wiki 34 au chini ya kilo mbili, na kanuni yao ni rahisi kukumbuka: kabla ya siku ya 30.

Basi wazazi tufanye nini?

Kwanza, msije mkasikia maneno yangu mkaenda wodini kuchomoa mpira puani mwa mtoto. Nasema na kurudia: oksijeni ni dawa, na mtoto anayeihitaji akiikosa hufa. Lakini kama dawa yoyote, ina kipimo chake, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Dada, samahani, oksijeni ya mtoto inasoma ngapi leo?" Muuguzi mzuri hatachukia swali hilo.

Pili, mama ashirikiane na wauguzi kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi awezavyo. Njia hii ya kangaruu ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey, kwa sababu vifaa vilikuwa haba. Jaribio lililotangazwa mwaka 2021, likihusisha hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lilionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri mtoto atulie, kulipunguza vifo kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Maziwa ya mama nayo yasikosekane, maana mtoto asiyeongezeka uzito vizuri na anayepatwa na maambukizi, macho yake huwa hatarini zaidi.

Tatu, kabla ya kutoka hospitali uliza: macho ya mtoto yatapimwa lini, na wapi? Usipopewa karatasi, iombe. Tarehe hiyo iandikeni ukutani.

Nne, jueni mtakachokikuta. Mtoto atatiwa matone ya kupanua mboni, kope zitafunguliwa kwa kifaa kidogo, na daktari atachungulia kwa taa. Mtoto atalia sana, na mama naye huenda akalia. Huchukua dakika chache tu. Kisha, na hapa wengi huteleza, mkiambiwa mrudi baada ya wiki moja au mbili, rudini. Kipimo cha kwanza hakimalizi kazi. Kazi huisha siku mishipa itakapofika ukingoni, au daktari atakaposema mwenyewe kwamba imetosha.

Ndugu msikilizaji, nilikuwa nimekwisha kuandika mazungumzo haya kijana yule aliponipigia simu. Walikwenda. Daktari wa macho amewaambia kwamba mishipa haijafika mwisho, ugonjwa haujaonekana, lakini warudi baada ya wiki mbili aangalie tena.

Nikamuuliza, "Na mama yako je, ameridhika?"

Akacheka. "Mzee wangu, yeye ndiye aliyembeba mtoto. Alipoambiwa tarehe ya kurudi, akamwambia mke wangu, 'Mkwe wangu, hiyo siku usipike mapema, tutaondoka alfajiri.'"

Hongera, bibi. Na wewe mwenye njiti nyumbani, au jirani yako mwenye naye, hesabu siku zake leo. Kama hajafika 30, bado mna muda. Kama amepita, msikate tamaa: nendeni kesho.

Kwa leo naishia hapa. Mungu akipenda tukutane tena juma lijalo.